Mawaridi ya Mkono wa Maiti

Nianze na ukweli: Risolat simpendi, na Inobat simpendi zaidi. Nimeishi ng'ambo ya mfereji wao tangu nilipoolewa, nashona kofia kwenye benchi la mlangoni kwangu, na miaka yote hiyo sijapata kutoka ua ule hata bakuli la chai lisilokuwa na kejeli ndani yake. Risolat ananiibia zamu ya maji. Inobat anafagia uchafu wake mpaka kwenye daraja langu. Kwa hiyo mkinisikia nawasema vibaya, msidhani nimeamka na hasira leo. Ndivyo nilivyo.

Wawili hao wameolewa na ndugu wa tumbo moja, hapa hapa mjini Namangan, katika ua mmoja wenye lango moja. Risolat alikuwa mke wa kaka mkubwa, ambaye sasa ni marehemu. Inobat ni mke wa mdogo mtu, Qodir, mwanamume asikilizaye redio siku nzima na kujifanya kiziwi.

Risolat alipoletwa pale bibi harusi, vyombo alivyokuja navyo havikujaza hata mkokoteni. Ila alishika mkononi vijiti vya waridi kutoka kwa baba yake, vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Mama mkwe akavitazama mbele ya wageni wote, akasema, "Ahsanteni, tumeletewa kuni."

Bibi harusi wa kwetu siku hiyo huinamisha kichwa na kunyamaza. Huyu akajibu. "Mama, kuni hizi zitakuja kukuaibisha."

Akavipanda nje ya ukuta, kati ya lango na mfereji, na vikashika vyote. Nyumba ni ya ukoo, miti ya aprikoti uani ni ya ukoo, hata sufuria kubwa la pilau lina jina la babu wa mume. Safu ile ya mawaridi ndiyo kitu pekee pale ambacho hakuna mtu aliyeweza kumwambia Risolat kwamba si chake. Alifanya kazi kiwanda cha hariri mpaka kikafungwa, akazaa binti mmoja, akamzika mumewe, na kila alichonyimwa ndani ya lango alikwenda kukitafuta nje yake, kwenye ile miiba.

Sasa nisimulie jinsi alivyopata jina la Mkono wa Maiti, maana bila hilo hamtaelewa chochote.

Inobat alizaa mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Kwetu mzazi na mwanawe hukaa ndani siku arobaini, na arobaini hiyo tunaiita chilla. Ndani ya chilla hakuingii mtu aliyetoka mazikoni, wala aliyegusa maiti. Wiki hiyohiyo mama yake Risolat akafa. Risolat akaenda, akamwosha mama yake kwa mikono yake, akarudi jioni amechoka, akakuta ua hauna mtu na mtoto analia kupasuka. Inobat alikuwa ametoka kidogo kwenda chooni. Risolat akaingia, akambeba, akambembeleza mpaka akanyamaza.

Kiangazi kile watoto walikufa mtaa mzima, kwa kuhara na homa. Wangu mmoja naye alikwenda. Lakini mtoto wa Inobat alipokufa, haikusemwa homa. Mama mkwe alisimama katikati ya ua akapaza sauti mpaka mimi huku nikasikia: "Ni huyu! Ametuletea mkono wa maiti!"

Kuanzia siku hiyo Inobat hakusema naye tena. Baadaye alizaa Botir, na sasa Botir ni pande la mtu mwenye kitambi na gari dogo jeupe. Hawa wanawake wamezeeka uani mwao bila kuitana jina. Lakini msidhani kulikuwa kimya! Risolat alikuwa akizungumza na mpira wa maji. Inobat alikuwa akizungumza na kuku wake mwekundu. Kila mmoja alisema na chake, na kila neno lilifika kwa mwenyewe.

"Ewe mpira," Risolat angesema, "kuna watu wananuka uvivu mpaka maji yanaogopa kupita."

"Kuku wangu," Inobat angejibu, "usisogelee kule. Kuna mikono ikigusa yai, halianguliki."

Hivyo ndivyo walivyoishi.

Kiangazi cha mwaka huu kilikuwa cha adhabu. Lami ilishika viatu. Mawaridi ya Risolat yalikaangika, majani yakawa kahawia pembeni, matumba yakakauka kabla ya kufunguka. Botir akaona nafasi yake. Siku nyingi alikuwa akitaka sehemu ile ya nje aiweke saruji aegeshe gari, akamwita mwenyekiti wa mtaa, Sotvoldi, mzee mchovu anayependa kesi zimalizike kabla ya chakula cha mchana.

"Mwenyekiti, haya ni maua haya?" Botir alisema, akapiga kichaka teke. "Hii ni seng'enge. Wageni wanachanika suruali."

"Waridi hulala kwenye joto," Risolat akamjibu. "Likipoa likakatwa vizuri, linachanua upya mpaka baridi. Lakini wewe utajuaje? Wewe hulala joto, hulala baridi, na hujachanua hadi leo."

Mwenyekiti alicheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwenyekiti. "Sikilizeni. Siku ya Walimu watoto wote wanatafuta maua. Nitapita hapa siku hiyo. Nikikuta maua, yanabaki, na Botir sitaki kusikia tena habari hii. Nikikuta miiba, dada Risolat, utaniwia radhi, atayang'oa."

"Na nikikuona umepita na mwaka mwingine kuulizia?" Risolat akamuuliza.

"Sipiti tena. Siku hiyo ndiyo hiyo."

Basi Risolat akawa na kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ina wakati wake. Waridi hulikati jua likiwa kali. Chipukizi changa litaungua. Ukichelewa nako, baridi inalikuta tumba halijafunguka. Unangoja joto livunjike, unakata theluthi, unaondoa vitunda vilivyokauka, unatia samadi, unamwagilia hasa. Siku zile zikikupita, umeupoteza msimu.

Na hapo ndipo binti yake, aliyeolewa mji wa Andijan, alipojifungua.

Mama hamwachi bintiye katika chilla ya mtoto wa kwanza. Risolat akafunga mzigo. Asubuhi ya kuondoka nilimwona amesimama nje ya lango na mpira wake, analowesha mashina. Inobat alikuwa langoni na ufagio, kuku miguuni.

"Ewe mpira," Risolat alisema kwa sauti ya kutosha kusikika sokoni, "nakwenda kwa mjukuu wangu. Mtu asiyaguse haya. Chilla ikitoka, nitakuja mwenyewe niyakate. Atakayeyakata ndani ya chilla, ameyafunga. Hayachanui tena mwaka huu."

Inobat alimtazama kuku wake, na kuku akamtazama yeye. Nikaona ufagio umesimama.

Haya. Mgeni anaweza kushangaa, lakini mtu wa kwetu angeelewa upesi kilichotokea. Neno letu ni moja, kazi zake ni nyingi. Mzazi ana chilla yake. Bibi harusi ana yake. Na kiangazi kina yake, ile arobaini ya jua kali kuliko yote, ambayo ikitoka hata upepo unabadilika harufu. Mkulima akisema chilla imetoka, hazungumzii mtoto wa mtu. Risolat alikuwa akisema kama mkulima. Inobat, ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu, na ambaye neno lile limemkaa kooni tangu alipomzika mwanawe, alisikia chilla moja tu.

Chilla ya jua ikatoka. Jioni zikaanza kupumua, matikitimaji yakashushwa bei... la, nisiwapeleke sokoni. Itoshe kusema joto lilivunjika. Risolat hakuja. Inobat naye, ambaye ana shinikizo la damu na hawezi kusimama juani, sasa aliweza kutoka nje.

Alitoka asubuhi moja na mkasi wa kunyolea kondoo.

"Inobat!" nikamwita kutoka kwenye benchi langu. "Unafanya nini?"

"Nanyoa."

"Hayo si yako."

"Na mtoto wangu hakuwa wake." Akakata tawi la kwanza, likaangukia mfereji wangu, ahsante sana. "Yeye aliingia ndani ya chilla yangu. Leo mimi naingia ndani ya chilla yake. Yafungike! Yakauke! Kesho Botir anaweka saruji."

"Chilla ipi?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

"Wewe nawe umezeeka, Hosiyat. Mjukuu wake hajatimiza arobaini. Au hata kuhesabu umesahau?"

Nikafumba mdomo. Nilitaka kucheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Mwanamke yule alikuwa amekuja kuharibu, na amechagua siku ambayo Risolat mwenyewe angeichagua! Bega lake bovu halikumruhusu kuinama, tumbo lake halikumruhusu kusogea karibu na miiba, kwa hiyo alikata vichwa tu, kama theluthi hivi. Aliondoa kila kitunda na kila tumba lililokauka, akidhani anayanyima maua. Nilimwacha amalize. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akifanya kazi ya maana.

Siku chache baadaye Qodir alizima redio. Hilo peke yake lilitutisha wote. Alitoka langoni na simu mkononi, akamwambia mkewe, "Mtoto kule Andijan amekuwa manjano. Macho, ngozi, kila kitu. Wamelazwa. Ndiyo maana shemeji hakuja."

Inobat alikuwa ameshika bakuli la nafaka ya kuku. Lilianguka, kuku akafurahi. Yeye alibaki amesimama, mikono imekaa vilevile kana kwamba bakuli bado limo.

Jioni akavuka daraja langu. Hajawahi kulivuka kwa heri. Akakaa kwenye benchi langu bila kukaribishwa, akasema kwa sauti ndogo, "Hosiyat, kitu kilichofungwa ndani ya chilla kinafunguliwaje?"

Ningeweza kumwambia. Neno moja lingemtosha: chilla uliyokusudia siyo aliyoisema. Lakini nilikumbuka takataka zote alizonifagilia mlangoni, nikamkumbuka na mama mkwe wake akipiga kelele katikati ya ua, na huyu amesimama nyuma yake hakusema hata "tusubiri". Nikampa dawa nyingine.

"Kwa samadi," nikasema.

"Samadi?"

"Ya kondoo. Iliyooza vizuri, ya zamani. Unaizungusha, lakini usigusishe shina. Na maji, asubuhi, mengi, yafike chini kabisa. Majani yaliyoanguka unaokota yote. Yakichipua, mtoto atapona."

"Umeyajua wapi hayo?"

"Bibi yangu," nikasema. Bibi yangu alikuwa akiuza sabuni.

Mngemwona! Yule yule mwenye shinikizo la damu, amebeba ndoo za samadi kutoka zizini kwake, anahema, anatukana. "Chipukeni, mbwa nyie. Chipukeni, laana nyie. Mnataka nini tena? Chai?" Botir alikuja kuuliza mama yake anarutubishaje kitu kinachosubiri kung'olewa, akapigwa na ufagio. Alikuwa akipita kila kichaka akikitazama tawi kwa tawi. Jicho la kwanza la chipukizi lilipovimba, jekundu, dogo kama punje ya mtama, alipiga kelele mpaka Qodir akatoka akidhani ni nyoka.

Mtoto alipona. Daktari alisema manjano ya namna ile huwapata vichanga wengi, na hupita. Inobat hakutaka kusikia habari za daktari.

Risolat alirudi chilla ya mjukuu ilipotimia, na kabla ya kuingia ndani alisimama nje ya lango na mzigo wake kichwani. Vichaka vilikuwa vimejaa machipukizi marefu yenye majani ya rangi ya zambarau, na matumba nchani. Akashika ncha moja iliyokatwa, akaigeuza. Nilijua anatafuta la kusema, na nilijua si la ahsante.

"Ewe mpira," alisema, "nani aliyekata hivi? Mbuzi?"

Nilingoja kuku aambiwe jibu. Inobat alikuwa nyuma ya lango, nikaona ncha ya kitambaa chake, lakini alinyamaza, na jambo hilo likamtia Risolat wasiwasi kuliko matusi.

Siku ya Walimu yalichanua. Sipendi kumsifu Risolat, lakini sitasema uongo: ukuta mzima ulikuwa mwekundu, na hewa ya vuli ilikuwa imeyatuliza maua yakawa makubwa kuliko ya masika. Watoto wa shule walijaa langoni wakiomba, na Risolat alikuwa anawakatia, mikono yake imejaa udongo na miiba, akiwagombeza wasisukumane. Mwenyekiti Sotvoldi akafika. Botir alikuwa amesimama kando ya gari lake, amenuna.

"Kesi imekwisha," mwenyekiti alisema. "Yanabaki. Dada Risolat, una mkono wewe!"

Lo! Neno gani alilichagua mtu yule. Hata watoto waliona wakubwa wamebadilika.

"Si mkono wangu," Risolat akasema taratibu. "Mimi nilikuwa Andijan. Sikukata mimi."

"Nani, basi?"

"Mimi," akasema Inobat.

Alitoka nyuma ya lango. Hakumtazama kuku, hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama Risolat usoni, na nadhani macho yale hayakuwa yamekutana tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi.

"Nilikata ndani ya chilla," alisema. "Ili yafungike. Nilitaka yakufie yote."

"Chilla gani?" Risolat akamjibu, na nilimsikia kabisa, alimjibu yeye. "Mtoto alipougua manjano ndiyo kwanza nilikuwa nataka kuja siku moja niyakate, nirudi kwake. Chilla ya jua ilikuwa imeshatoka."

"Ya jua?" Inobat akarudia. Akanigeukia. Mimi nikatazama kofia yangu. "Mimi nilikata ndani ya chilla ya mjukuu wako."

Risolat akabadilika rangi. Akashusha mkasi. "Ulikuwa unamtakia nini mtoto wangu?"

"Maua! Nilitaka maua tu, Mungu ananiona. Nilipoambiwa ni mgonjwa nilikufa mimi. Nilibeba mavi ya kondoo mpaka mgongo ukavunjika. Ni mzima?"

"Mzima. Mnene. Anakojolea kila mtu."

"Nimeingia ndani ya chilla yake kwa ubaya," Inobat akasema, pole pole, kama mtu anayepapasa gizani, "na ni mzima. Nimekuja na mkasi. Na wewe..." Hapo akakwama.

"Mimi niliingia kwa sababu alikuwa analia," akasema Risolat.

Qodir alikuwa ametoka mlangoni, na redio haikuwa inasema.

Nilidhani sasa watakumbatiana, nikajiandaa kukasirika. Hawakukumbatiana. Risolat akamsogelea Inobat. "Umenifanya mchawi," alisema. "Umenifanya mchawi ndani ya nyumba ya mume wangu. Huyu hapa," akamwonyesha Botir kwa mkasi, "huyu nilimwona mara ya kwanza akiwa anatembea. Anatembea, Inobat! Alikuwa akilia chumba cha pili na mimi nimekaa nimekalia mikono yangu. Hadi leo ananisalimia akiwa mbali kama nina ukoma."

Inobat akamgeukia mwanawe, akamfokea kana kwamba kosa ni lake.

"Unasimama nini hapo? Nenda kamsalimie mama yako mkubwa vizuri."

Botir akasogea, amechanganyikiwa, pande lote lile la mtu. Akainama mbele ya Risolat ili ashikwe bega na shavu kama wazee wanavyowashika watoto wetu wote. Risolat akainua mikono, kisha akairudisha nyuma upesi, akaificha kwenye aproni.

"Ngoja," alisema. "Mikono yangu michafu."

"Ni udongo tu, dada," akasema Inobat. "Mshike."